Mapato Yakikauka, Nani Adaiwe?

Februari 2024 Mamlaka ya Majisafi na Usafi wa Mazingira Tanga iliingiza sokoni hatifungani ya kijani ya shilingi bilioni 53.12, ya miaka 10, kwa riba ya asilimia 13.5. Wenye hati hulipwa kutokana na mapato ya maji. Tuliifurahia hatua hiyo, nayo ndiyo iliyotusukuma kuandaa toleo hili. Hatifungani ya namna hii ina swali ambalo ile ya Hazina haina: mapato yakikauka, mnunuzi amdai nani?

Marekani imeshalijibu kwa uchungu. Sheria za majimbo mengi huko hutamka kwamba deni la mamlaka si deni la jimbo. Katika jimbo la Washington, mamlaka iliyoitwa Washington Public Power Supply System ilikopa dola bilioni 2.25 kujengea vinu viwili vya nyuklia. Mashirika 88 ya umeme yaliahidi kulipa, umeme upatikane usipatikane. Gharama zikapaa, ujenzi ukaachwa 1982. Mwaka uliofuata Mahakama ya Juu ya jimbo ikaamua kwamba mashirika yake hayakuwa na uwezo kisheria wa kutoa ahadi ile. Malipo yakakoma, na miongoni mwa walioumia walikuwamo wastaafu. New York ilikuwa tofauti: shirika lake la maendeleo ya miji liliposhindwa kulipa, Februari 1975, jimbo liliingilia kati ingawa sheria haikulilazimisha.

Sisi tunaunga mkono ukomo wa dhamana. Mlipakodi wa Kigoma hana sababu ya kubebeshwa bomba la Tanga, na mkopeshaji anayejua hakuna Hazina nyuma yake huukagua mradi kwa makini zaidi. Lakini ukomo huo uandikwe ukurasa wa kwanza wa waraka wa mauzo, kwa Kiswahili, kwa herufi anazosoma mwalimu mstaafu bila kuuliza.

Tena ukomo huo uifunge Serikali pia. Bei ya maji huidhinishwa na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji. Serikali inayokataa deni haiwezi wakati huohuo kutaka bei ishikiliwe kwa sababu za kisiasa, kisha pengo limwangukie mwenye hati. Na malimbikizo ya ankara za taasisi za umma ni kilio cha siku nyingi cha mamlaka za maji. Kambi, magereza na hospitali zilipe maji kwa wakati, fungu lake litengwe kwenye bajeti na lisiguswe kwa matumizi mengine.