Wingi wa Magari Si Huduma
Wanaodai kwamba dawa ya huduma za dharura katika kaunti za Kenya ni kununua ambulensi zaidi wanachanganya chombo na kazi yake. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 lilizikabidhi kaunti huduma za ambulensi, na Kifungu cha 43(2) kinakataza mtu yeyote kunyimwa matibabu ya dharura. Lakini gari lisilo na mafuta, oksijeni wala mhudumu aliyefunzwa kumtibu mgonjwa njiani ni teksi yenye king'ora. Usimamizi wa kweli hupima muda wa mwitikio, yaani dakika zinazopita tangu simu ipokelewe hadi mgonjwa afikiwe, huchunguza kila safari iliyochelewa, na hutenga fedha za matengenezo kabla ya sherehe ya kukabidhi funguo.