Kiwanja Kisiwe na Lango

Kila mchezo hufikia siku ya kuulizwa: unakua kwa ajili ya nani? Gofu ya visahani imefikia siku hiyo, na majibu ninayoyasikia hayaniridhishi hata kidogo.

Kwa msomaji asiyeujua, mchezo wenyewe ni mwepesi kueleza. Badala ya fimbo na mpira, mchezaji hurusha kisahani cha plastiki; na badala ya tundu ardhini, hulenga kapu la chuma lenye minyororo inayoning'inia juu yake. Mshindi ni yule aliyerusha mara chache zaidi. Kiwanja cha kwanza cha kudumu kilitengenezwa na Ed Headrick mwaka 1975 katika bustani ya Oak Grove, California. Mwaka uliofuata akaanzisha chama cha wachezaji, PDGA. Kapu la minyororo nalo ni ubunifu wake. Lilimaliza ubishi wa kama kisahani kimegusa mlingoti au hakikugusa.

Lakini jambo kubwa alilolifanya si kapu. Ni mahali alipoliweka: ndani ya bustani ya umma, ambako mtu huingia bila kuulizwa jina wala kazi yake. Sisi tuliokulia Afrika Mashariki tunajua maana ya jambo hilo. Gofu tuliyoiona kwetu ilikuwa nyuma ya ua, na mtoto wa jirani aliingia humo kubeba mfuko wa fimbo za mtu mwingine. Huu wa visahani ulizaliwa bila ua.

Sasa fedha zimekuja. Janga la korona la mwaka 2020 liliwatoa watu majumbani wakajaa bustanini, na mwaka 2021 Paul McBeth alitia saini mkataba wa dola milioni 10 kwa miaka 10 na kampuni ya Discraft. Simwonei kijicho, mfanyakazi astahili ujira wake. Ninachokiogopa ni kile kinachofuata sifa. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji.

Tazama visahani vyenyewe. Mwaka 1983 Dave Dunipace wa Innova alileta kisahani chenye ukingo uliochongwa, kikapasua hewa kuliko vile vya awali. Mwaka 2016, jangwani Nevada, David Wiggins Jr. alirusha kisahani mita 338. Matokeo yake ni nini? Viwanja vya zamani vinaonekana vifupi kwa mabingwa. Kiwanja kirefu chataka ardhi kubwa. Ardhi kubwa ina mwenyewe. Na mwenyewe ataka kiingilio. Hivyo ndivyo lango linavyojengwa, bila mtu yeyote kukusudia ubaya.

Wapo wasemao kwamba kiingilio ni dawa: bustani za bure huchakaa, udongo hukanyagwa ukawa mgumu, magome ya miti hupasuliwa, na waendao matembezi na watoto wao huogopa kupigwa. Hayo ni kweli, wala hayafai kupuuzwa. Lakini je, mgonjwa hutibiwa kwa kufukuzwa nyumbani? Vipo viwanja vingi vilivyosafishwa na kupangwa kwa mikono ya wachezaji wenyewe waliojitolea. Mti huokolewa kwa kuhamisha kapu, udongo kwa kubadilisha njia, na mtoto kwa kutumia visahani vya mwendo mdogo karibu na watu. Hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji lango.

Mabingwa na wajengewe viwanja vyao virefu, na wanaotaka kulipa walipe. Ila kila panapojengwa kimoja cha namna hiyo, pawepo na kifupi kilicho wazi kwa yeyote. Makampuni yanayovuna kutokana na visahani yachangie matunzo ya bustani zilizowapatia wateja. Na viongozi wa mchezo waache kutuhesabia ukuaji kwa zawadi na watazamaji wa televisheni. Watuhesabie ni watu wangapi wanaweza kutoka nyumbani kwa miguu, na kisahani kimoja mkononi, wakacheza bila senti mfukoni.

Hesabu hiyo ikipungua, mchezo haukui, hata ukionyeshwa dunia nzima. Utakuwa umegeuka gofu ileile ya nyuma ya ua, na watoto wetu watarudi kubeba mifuko.