Kilicho Rafuni Hakijakaguliwa

Imani iliyoenea sana miongoni mwa Waafrika Mashariki waishio Toronto, na ambayo huwafikia hata jamaa zao wa Dar es Salaam na Mombasa wanaotumiwa vifurushi, ni kwamba bidhaa yoyote iliyopangwa kwenye rafu ya duka la Kanada imekwisha kupimwa na serikali, na kwa hiyo mnunuzi hana la kuhofia isipokuwa bei. Imani hiyo si ya kweli, na inapohusu krimu za kujichubua, yaani zile zinazouzwa kwa ahadi ya kung'arisha ngozi, inaumiza watu.

Sheria ya Kanada huzigawa bidhaa za namna hii katika mafungu ambayo mnunuzi wa kawaida hayaoni. Dawa haiwezi kuuzwa kihalali kabla Health Canada, yaani idara ya afya ya serikali kuu, haijaichunguza na kuipa namba ya tarakimu 8 inayotanguliwa na herufi DIN; lakini kipodozi hakihitaji idhini hiyo, kwa kuwa mtengenezaji au mwagizaji hutakiwa tu kuiarifu idara ndani ya siku 10 tangu aanze kukiuza. Taarifa hufuata mauzo, haiyatangulii, wala haihesabiwi kuwa kibali. Hata taarifa hiyo hutolewa na mfanyabiashara anayefuata sheria, ilhali yule aliyeingiza makopo kwa magendo haarifu mtu yeyote.

Ndiyo maana krimu kali huweza kukaa rafuni zikiwa na viambato ambavyo havistahili kuwapo hapo. Zebaki ni marufuku katika vipodozi nchini Kanada, kwa kuwa huharibu figo na mishipa ya fahamu. Haidrokwinoni, kemikali inayoizuia ngozi kutengeneza rangi yake, ikizidi asilimia 2 huhitaji cheti cha daktari, na ikitumiwa kwa muda mrefu huweza kuacha mabaka ya buluu iliyokoza ambayo hayaondoki kwa urahisi. Klobetasoli nayo ni steroidi kali, yaani dawa ya kutuliza uvimbe inayopaswa kutumiwa kwa muda mfupi chini ya uangalizi wa daktari, na anayejipaka kila siku kwa miezi mingi huishia na ngozi nyembamba yenye michirizi. Health Canada imekuwa ikitangaza mara kwa mara krimu za aina hizi ilizozikamata madukani, yakiwamo maduka ya Toronto na miji iliyo jirani nayo. Na bidhaa iliyokamatwa dukani ilikwisha kuuzwa humo kabla ya kukamatwa.

Kinachoipa nguvu imani hii ni kibao cha kijani. Tangu mwaka 2001 jiji la Toronto lina mpango uitwao DineSafe, ambao wakaguzi wake hubandika kwenye milango ya migahawa na maduka ya vyakula kibao cha kijani kwa aliyefaulu, cha manjano kwa aliyefaulu kwa masharti, na chekundu kwa aliyefungiwa. Na mwaka 2013 ukaanza mpango wa BodySafe kwa ajili ya saluni na sehemu nyingine za huduma za mwili. Mipango hiyo ni mizuri na inastahili sifa. Hata hivyo, kinachopimwa humo ni usafi: namna chakula kinavyohifadhiwa, namna vifaa vinavyotakaswa ili maradhi yasiambukizwe. Duka linalouza unga, dagaa na krimu chini ya paa moja huweza kupata kijani kwa haki kabisa, wala kijani hicho kisiwe kimesema neno lolote kuhusu kilichomo ndani ya kopo la krimu.

Kwa kiasi kikubwa, ulinzi wa bidhaa zisizohitaji idhini ya awali hutegemea malalamiko: mtu aone dosari, aripoti, ndipo mkaguzi aende. Sasa mteja anayeamini kwamba serikali imekwisha kupima hawezi kushuku, na asiyeshuku haripoti. Mwanamke ambaye akiwa Kariakoo angelinusa kopo, angelisoma maandishi yake na kumuuliza muuzaji limetoka wapi, huiacha tahadhari hiyo uwanja wa ndege anapowasili, na hapo mtambo mzima wa usimamizi hukosa jicho lililokuwa karibu zaidi na hatari.

Wapo wanaodai kwamba mtu mzima ana haki ya kuamua kuhusu mwili wake, na kwamba masharti huongeza magendo tu. Hoja ya kwanza ingekuwa na uzito kama kopo lingetaja kilichomo. Mtu hawezi kuridhia zebaki asiyoijua, wala mtoto anayebebwa, kunyonyeshwa na kufutwa kwa taulo la mama yake hakuombwa ridhaa. Hoja ya pili huyasahau magendo yaliyopo sasa, ambayo hayakungoja sharti jipya.

Kinachohitajika kimekwisha kujaribiwa katika jiji hilohilo. Kwa sigara, sheria ya jimbo la Ontario inakataza kumuuzia aliye chini ya miaka 19, vijana hutumwa madukani kununua kwa majaribio, na duka ambalo limetiwa hatiani mara 2 ndani ya miaka 5 huzuiwa kuuza tumbaku kwa miezi 6. Kwa sigara za kielektroniki, tangu Aprili 2020 muuzaji wa Toronto hutakiwa kuwa na leseni ya jiji. Huko London, Uingereza, halmashauri za mitaa, ya Southwark ikiwa mstari wa mbele, zimewafikisha mahakamani wauza krimu haramu kupitia maofisa wao wa viwango vya biashara. Toronto haina sababu ya kuiachia serikali kuu peke yake kazi hii. Madiwani wanapaswa kuweka leseni kwa wauzaji wa krimu za kung'arisha ngozi na kuagiza ununuzi wa majaribio. Na kila msomaji aliye na kopo la namna hiyo nyumbani atafute herufi DIN na tarakimu zake, na akizikosa aache kulitumia, kisha aliripoti Health Canada pamoja na jina la duka alikolinunua.