Tangi la Lamu Liko Mchangani

Jumapili hii tufunge safari hadi Lamu, kisiwa ambacho wengi hukijua kwa punda, milango ya nakshi na vichochoro ambamo ukikutana na punda mwenye mzigo, ni wewe utakayejibanza ukutani. Mji Mkongwe huo ulitiwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001.

Lakini leo usibaki mjini. Ifuate pwani kwa miguu hadi Shela, mwendo wa kilomita tatu hivi. Utauona Msikiti wa Ijumaa uliojengwa 1829, wenye mnara uliochongoka. Hapa ndipo watu wa Lamu walipowashinda wenzao wa Pate na Wamazrui wa Mombasa, yapata mwaka 1812. Husimuliwa kwamba wavamizi walipokimbilia vyombo vyao, walikuta maji yamekupwa na vyombo vimekaa mchangani!

Nyuma ya Shela kuna milima ya mchanga. Watoto wataiparamia na kuteleza kwa makalio. Nawe huenda ukadhani ni ardhi tupu isiyo na faida. La hasha! Mchanga huo ndio tangi la Lamu. Mvua ikinyesha, maji hupenya polepole, yakachujika, yakatua juu ya maji ya chumvi kwa kuwa maji baridi ni mepesi zaidi. Visima vya hapo ndivyo vinavyounywesha mji. Ukichota kupita kiasi, chumvi hupanda, na kisima kilichoingia chumvi si rahisi kukiponya.

Ndiyo maana wakazi wamepinga kwa miaka mingi milima hiyo isikatwe viwanja. Mgeni anataka chumba cha kutazama bahari. Mwenyeji anataka maji ya kunywa.

Wazee wa Lamu waliyaheshimu maji. Katika birika za nyumba za kale waliweka bakuli la Kichina chini, wakafuga samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu.

Basi ukifika huko, usiuache mfereji wa hoteli ukibubujika. Na mkirudi Nairobi, waulize wanao: haya maji yetu yatoka wapi? Usishangae wakikujibu, "Mferejini." Waeleze habari za Bwawa la Ndakaini, kule Murang'a.

Safari njema, hadi Jumapili ijayo.