Watoto wa Kibera na Kawangware Wana Haki ya Kuiona Shimoni

Kila mwaka wanafunzi wa shule za upili jijini Nairobi hukariri orodha ya lahaja za Kiswahili. Kivumba hakikosi kutajwa, nacho hutajwa kwa haraka kana kwamba wasemaji wake walikwisha kutoweka duniani. Ni nadra mwanafunzi kuambiwa kwamba wasemaji hao wapo hai, wanavua samaki na kulea watoto kisiwani Wasini, ng'ambo tu ya Shimoni. Katika kipindi cha Historia hali ni ile ile. Kampuni ya Imperial British East Africa, yaani IBEA, hutajwa. Mwaka 1888 ilipopewa hati ya kifalme huandikwa ubaoni. Kisha kengele hulia.

Naandika haya nikiwakusudia hasa walimu na wanafunzi wa Kibera na Kawangware. Nashikilia kwamba rasi ya Shimoni ni sehemu ya historia ya mitaa hii miwili, na kwamba kuiacha iwe ya watalii peke yao ni kuwanyima watoto wetu urithi wao.

Rasi hiyo imo katika Kaunti ya Kwale, kusini kabisa mwa pwani ya Kenya, karibu na mpaka wa Tanzania. Jina lake latokana na mapango yaliyomo katika miamba ya matumbawe. Mapokeo ya wenyeji yaeleza kwamba watumwa walifungiwa humo wakingojea majahazi ya kuwavusha hadi Unguja, katika biashara ambayo Sultani Barghash aliipiga marufuku baharini kwa mkataba wa 1873. Wapo pia wasemao kwamba watu walijificha mapangoni humo wakati wa mashambulizi. Mwalimu mwerevu hatazificha simulizi hizo mbili. Atawataka wanafunzi wake wazipime, kwa maana huko ndiko kusoma historia.

Hatua chache kutoka pangoni yapo mabaki ya majengo ya enzi ya IBEA, ambayo iliweka kituo chake hapo, pamoja na makumbusho ya utumwa. Kisiwani Wasini, matumbawe ya kale yaliyoachwa nchi kavu na bahari yamesimama mithili ya sanamu, na kina mama wa kisiwa wameweka njia ya mbao ya kuwapitisha wageni kati ya mawe hayo na mikoko. Mbele zaidi ni hifadhi ya bahari ya Kisite-Mpunguti, makao ya pomboo, kasa na samaki wa kila rangi. Somo la Sayansi, la Jiografia, la Historia na la Kiswahili yamekusanyika mahali pamoja.

Huenda msomaji akauliza: hayo yote yanamhusu nini mtoto wa Kawangware? Yanamhusu sana. Kampuni ile ile iliyokaa Shimoni ndiyo iliyomtuma Frederick Lugard bara mwaka 1890, akajenga ngome Dagoretti, eneo ambalo Kawangware imo leo. Hapo ndipo alipoapa urafiki na Waiyaki wa Hinga. Urafiki huo haukudumu. Mwaka 1892 Waiyaki alikamatwa na watu wa Kampuni, akaanza kusafirishwa kuelekea pwani, akafia Kibwezi.

Kibera nayo haiko mbali na habari hii. Mwaka 1891 Lugard, akiwa bado mtumishi wa Kampuni, aliwachukua askari wa Kisudani waliosalia katika jeshi la Emin Pasha. Hao, pamoja na wengine walioandikwa baadaye, ndio waliokuja kutumikia jeshi la King's African Rifles. Kuanzia 1904 askari wa asili hiyo na jamaa zao wakapewa makao katika msitu ambao Wanubi waliuita Kibra. Mwaka 1918 eneo hilo lilitangazwa rasmi kuwa ekari 4,197. Jamii ya Wanubi ilipokabidhiwa hatimiliki mwaka 2017, zilikuwa zimebaki ekari 288. Mwanafunzi aketiye darasani Makina hana budi kuelewa kwamba swali la ardhi analolisikia nyumbani lilianzia katika daftari za kampuni ya biashara.

Najua pingamizi litakalotolewa. Mzazi asiye na hakika ya chakula cha jioni ataona kwamba safari ya pwani ni anasa. Siwezi kumlaumu. Watoto wengi wa mitaa hii husoma katika shule za jamii, ambazo nyingi hazipati mgao wa serikali wa elimu bila malipo. Lakini jawabu la umaskini haliwezi kuwa kwamba mtoto wa shule ya kifahari aone na mtoto wa Kibera akariri. Mtihani ni ule ule. Wahenga walisema kusikia si kuona.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu. Kwanza, serikali iwafutie kabisa wanafunzi wa shule za umma na za jamii ada ya kuingia katika makumbusho na mbuga zake, wanapofika pamoja na walimu wao. Pili, Shirika la Reli, ambalo tangu 2017 lina treni ya kisasa kati ya Nairobi na Mombasa, litenge mabehewa ya wanafunzi kwa nauli nafuu katika majira ambayo wasafiri ni wachache. Treni ikiwafikisha Mombasa, kivuko cha Likoni na basi la siku moja vitawafikisha Shimoni.

Tatu, na hili halihitaji kibali cha waziri yeyote, walimu waanzie nyumbani. Darasa liende Makina likawasikilize wazee wa Kinubi. Liende Dagoretti likaulize ngome ya Lugard ilikuwa upande gani. Wanafunzi waandike waliyoyasikia, wachore ramani, waunganishe Dagoretti, Kibera, Kibwezi na Shimoni kwa mstari mmoja. Watakaobahatika kufika pwani watafika wakiwa na maswali ya kuuliza, na wenyeji wa rasi ile wanayo majibu.

Mtalii huja Shimoni kutazama pomboo, naye anakaribishwa. Mtoto wa Kawangware ana sababu kubwa zaidi ya kufika huko, kwa kuwa mambo yaliyopangwa katika rasi ile ndiyo yaliyoamua babu zake wakae wapi na wakose nini. Ni wajibu wetu kumpa nauli.