Kabla hujakemea, sikiliza

Cheza metal kwenye matatu ya kutoka Mwatate kuja Bura uone: dakika haiishi kabla mtu hajaanza kukemea pepo. Lakini wewe, msee, ipe nafasi *The Adept* ya Lord Spikeheart, ya 2024. Jamaa ni kitukuu cha Muthoni wa Kirima, jemadari wa Mau Mau, na albamu ni heshima kwake. Hasira hiyo haijatoka ng'ambo. Ila wageni walioalikwa ni wengi mno. Kwangu *Duma* ya 2020, yeye na Sam Karugu tu, bado ndiyo kali. Isikilize yote, bando ikiruhusu. Ikikushinda, kuna *Peel* ya KMRU, inatambaa taratibu kama ukungu wa Vuria.