Pigo Zito Halimo Kwenye Fleshi

Sisi vijana wa Kigali tunaotengeneza muziki wa dansi kwa kompyuta tuna ugonjwa mmoja: tunakusanya sampuli za ngoma kama watoto wanavyokusanya vizibo vya soda. Fleshi inapita mkono kwa mkono, kutoka Remera hadi Nyamirambo, na ndani yake mna maelfu ya kiki, sneya na makofi. Kila anayeipokea anauliza swali lile lile: "Zinapiga kifuani?" Anafungua mia mbili, anachagua tatu, analalamika kwamba biti yake bado imelegea, kisha anaanza kutafuta fleshi nyingine. Nasema waziwazi kwamba huko ni kupoteza muda. Tena kuna watu wanaokosa haki yao kwa sababu ya uvivu wetu huo.

Tuanze na mashine zenyewe. Sauti nyingi tunazogombania zilitoka kwenye mashine mbili za kampuni ya Roland ya Japani: TR-808 ya mwaka 1980 na TR-909 ya mwaka 1983. Zilipotoka hazikufanya vizuri sokoni. Wanamuziki wengi walisema hazifanani na ngoma halisi. Zikaishia kuuzwa kwa bei ya mitumba, na vijana wa Chicago na Detroit wasiokuwa na fedha za studio kubwa wakazichukua, wakatuletea hausi na tekno. Vijana wale hawakuwa na sauti elfu kumi za kuchagua. Walikuwa na chache tu, na walizijua kama mpishi anavyolijua jiko lake. Sisi tumerithi sauti zao, lakini tabia yao ya kuzisoma tumeiacha.

Pigo kuwa zito si sifa ya faili peke yake. Sikio husikia uzito kwa sababu ya mambo matatu: mwanzo mkali, mwili wa besi, na ukimya unaofuata. Kiki ya 909 huanza kwa mdonoo mfupi, kisha sauti yake inashuka upesi kutoka juu kwenda chini. Mshuko huo ndio tunaousikia kama ngumi. Lakini besi ya wimbo ikilia wakati huohuo kwenye masafa yaleyale, tuseme hetzi 50 au 60, viwili hivyo vitagombana na hakuna kitakachosikika vizuri. Ukipachika kiki mbili pamoja, wimbi la moja likipanda huku la nyingine linashuka, zitafutana. Na spika ndogo za kompyuta haziwezi kutoa hetzi 50 ipasavyo, kwa hiyo unaitupa kiki ambayo hata hukuisikia. Dawa ya mambo haya haiuzwi kwenye pakiti. Ipunguze besi kila kiki inapopiga, kata mkia wa sauti, linganisha kiki na ufunguo wa wimbo, acha nafasi.

Isitoshe, sampuli nyingi za kuuzwa zimekwisha kubanwa kwa kompresa hadi mwisho ili zikushtue unapozijaribu moja moja. Ukiziweka ndani ya wimbo, hazina tena pa kupanda. Wahenga walisema ngoma ikivuma sana hupasuka, ingawa hawakuwahi kuona kompresa.

Sasa tufungue folda iitwayo "Afrika", maana karibu kila fleshi inayo. Ndani utakuta jembe, ngoma ya watu wa Afrika Magharibi, na mara nyingi hakuna zaidi. Ingoma ya Rwanda haimo. Ishakwe, ile ndogo yenye sauti ya juu inayowaongoza wenzake, haimo. Inyahura haimo. Igihumurizo, ile inayonguruma chini kabisa, haimo. Na ngoma hizi hazijafichwa. Kila Jumamosi hapa Kigali zinapigwa harusini. Jumapili zinapigwa katika parokia nyingi za Kikatoliki. Kijana anakesha akitafuta besi yenye nguvu kwenye intaneti, na asubuhi anapita mbele ya igihumurizo akienda kutafuta chai. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Sisi hatutaki hata kugeuza shingo.

Kuna watakaosema: basi vizuri, twende harusini na simu, turekodi, tumalize. Hapo ndipo ninapokataa. Majirani zetu wa Burundi wanajua mwisho wa njia hiyo. Katika miaka ya 1960 Wafaransa walirekodi wapiga ngoma wa Burundi, na rekodi ikatolewa na lebo ya Ocora. Mwaka 1971 mwanamuziki wa Ufaransa aliichukua, akaiongezea gitaa na kinanda, akaitoa kwa jina la Burundi Black. Mwaka 1975 Joni Mitchell naye alitumia ngoma za Burundi katika wimbo wake The Jungle Line. Baadaye bendi za Uingereza, kama Adam and the Ants, zilijenga midundo yao juu ya mtindo huohuo. Majina ya wote hao tunayajua. Wale walioshika fimbo wakapiga, majina yao yako wapi? Dunia iliwaita "Burundi", kana kwamba nchi ndiyo iliyotoka jasho.

Mimi nimewahi kumwomba mzee mmoja wa itorero anipigie ingoma nirekodi. Kabla hajashika fimbo aliniuliza: "Mwanangu, mkono wangu ukishaingia humo ndani, utatokaje?" Sijasikia swali bora kuliko hilo kuhusu sampuli. Mkono ukishakuwa faili, unaweza kupiga mara milioni moja katika klabu ambazo mwenyewe hataingia, na wala hautachoka. Ndiyo maana malipo ya mara moja bila maelezo hayatoshi, na "asante mzee" haitoshi kabisa.

Wapo wanaopinga kutoka upande mwingine. Wanasema ingoma ni kitu cha heshima, isikatwekatwe na kuchanganywa na muziki wa klabu. Hoja hii siidharau. Kwa Kinyarwanda neno ingoma lina maana ya ngoma na pia ya utawala, na ngoma ya kifalme, Kalinga, haikuwa chombo cha kuchezea. Lakini mila yenyewe imewahi kusogea. Zamani wanawake hawakuruhusiwa kupiga ingoma. Leo Ingoma Nshya, kundi la wanawake lililoanzishwa Huye na Odile Gakire Katese, linapiga mbele ya dunia. Kama ingoma ilistahimili badiliko hilo na ikapata nguvu mpya, haitakufa kwa kuingia kwenye kompyuta. Wenye ngoma waulizwe tu. Wakisema mdundo fulani hauingii klabuni, hauingii.

Na wanaosema hatuna studio, watazame Dar es Salaam. Singeli, yenye kasi ya mapigo 200 kwa dakika na zaidi, ilikua katika studio ndogo za uswahilini kama ile ya Sisso huko Mburahati, kwa kompyuta za kawaida. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyiko wa Sounds of Sisso, na Ulaya ikasikiliza. Huko huko Kampala, Nihiloxica wameoanisha ngoma za Buganda na sinthesaiza, na wapigaji wamo ndani ya bendi, wanaonekana jukwaani.

Ninachopendekeza ni kidogo, na kinawezekana kabla muhula haujaisha. Tutafute chumba tulivu. Tumwalike mpigaji, tumlipe siku yake. Tuweke kinasa sauti kimoja karibu na ngozi na kingine hatua mbili nyuma, turekodi kila ngoma kwa pigo dogo, la kati na kubwa, na tusubiri hadi mlio uishe kabisa kabla ya pigo linalofuata. Tuandike karatasi moja, kwa lugha anayoisoma mwenyewe, inayosema sauti itatumika wapi na atapata nini wimbo ukiuzwa. Halafu, badala ya kuliita faili "kiki_nzito_07", tuliite kwa jina lake yeye. Kila atakayelifungua, awe Kigali au Berlin, atalisoma jina hilo kabla ya kusikia pigo.